Njia ya Kuzunguka Ghuba

Nyarugusu, 4 Juni 1977

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu imevimba. Mama hajambo? Kivuko kingenivusha mara moja, lakini nimeshika ule mwiko uliouleta kutoka kwa mganga: nisipande chombo cha majini mpaka nipate dhahabu. Nimezunguka ghuba yote kwa mguu, siku nane. Mwenzangu shimoni, Shimba, ananiita mbuzi anayeogopa maji. Acha acheke. Nikipata, Mama ataezekewa bati.

Mwanao,
Masalu

Nyakato, 19 Agosti 1977

Masalu mwanangu,

Marahaba. Huku si wazima. Mama yako amelala wiki ya tatu, hanywi ila uji wa ulezi, na hospitali wamesema turudi naye nyumbani. Mlango ukilia anauliza, "Ni Masalu?" Acha shimo, panda kivuko uje. Mwiko nimeufuta mimi.

Baba yako

Kivukoni Busisi, 27 Agosti 1977

Baba,

Shikamoo. Barua yako imeniliza mbele za watu. Nimefika hapa, nikaweka mguu kwenye ubao, nikarudi. Mwiko wa mganga wewe utaufutaje? Nikiuvunja, Mama akafa kwa sababu yangu, nitaishije? Nazunguka. Nitakimbia panapokimbilika. Ng'washi wa hapo jirani anavuka sasa hivi, nimempa barua hii. Mwambie Mama anisubiri.

Mwanao,
Masalu

Nyakato, 20 Septemba 1977

Mwanangu,

Sijui kama u mzima, na mimi si mzima. Ulifika siku mbili baada ya mazishi, ukasimama kaburini, ukaondoka bila hata kunywa maji. Sikulaumu.

Siku ile kwa mganga wewe ulibaki nje. Alitoa dawa tu, mwiko hakutoa. Niliutunga mimi. Tangu kaka yako Mhoja azame, siwezi kuvumilia mtoto wangu apande chombo. Nilipokuita nilitaka kuandika ukweli, nikaona aibu.

Mama yako alijua kwamba niliutunga. Barua ya kivukoni ilipofika, aliniambia nimtume Ng'washi kwa baiskeli akukute njiani, akuambie ukweli, uvuke. Nilimjibu nimemtuma. Sikumtuma. Niliogopa utanichukia, nikajidanganya kwamba utawahi.

Alikufa akiamini umeshavuka, akishangaa kwa nini huingii.

Baba yako