Tuliofeli Tunafundisha Bweni

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku kijijini kwetu Bweni hatujambo. Tangu uhamishiwe bara, katika nyumba yako amekaa mwalimu mmoja tu, naye hakumaliza mwaka.

Nakukumbuka ulivyofika kwa bodaboda kutoka Kilindoni, vumbi mpaka kwenye kope, nasi watoto tukaicheka lafudhi yako ya Mbeya. Siku chaki ilipokwisha ulituteremsha pwani, tukasoma majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mashua. Mimi nilikwenda herufi moja moja, wenzangu wakanicheka. Ukawaambia, "Mwacheni, atafika." Ukanisubiri mpaka nikamaliza.

Sasa nikueleze yaliyotokea.

Mwaka jana jirani yetu, Bi Mwanaidi, alikuja mbio asubuhi, chupa ya dawa mkononi. Mjukuu wake alikuwa anatapika. "Hebu nisomee, mwanangu." Nikasoma: kijiko kimoja cha chai. Yeye alikuwa anampa kijiko kikubwa cha chakula. Kumbe maandishi alimpa dada wa yule mtoto asome, Zuhura wa darasa la tatu, naye kwa kuona haya akabuni tu. Tulimkimbiza mtoto zahanati. Alhamdulillahi, akapona.

Jioni nikamwita Zuhura na daftari lake. Alikuwa amenakili ubao mzima, mwandiko safi kuliko wangu, lakini hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Nikamuuliza wenzake darasani wako vipi. "Tuko hivyo hivyo," akasema.

Nikawafuata Mwanahamisi na Jumaa. Unawajua, tulimaliza nao kidato cha nne na sote watatu tukafeli. Jumaa anavua pweza, Mwanahamisi anachoma maandazi, mimi nafua nazi na mama. Nikawaambia tuwafundishe hawa watoto kusoma. Jumaa akashangaa. "Sisi tena? Watu watatucheka."

Wakatucheka kweli. Kwenye mkutano wa kijiji, niliposimama kueleza, mzee mmoja aliuliza, "Waliofeli watamfundisha nani?" Watu wakaangua kicheko, nami nikawa natafuta pa kukaa. Ndipo Bi Mwanaidi akasimama. "Mjukuu wangu nilimlisha dawa vibaya kwa mikono yangu hii. Wenu msiwalete kama hamtaki. Wangu nampeleka." Kicheko kikakatika.

Mwalimu mkuu alitupa chumba kimoja, baada ya masomo na kabla watoto hawajaenda madrasa. Tulianza na watoto tisa. Jumaa akirudi majini huingia na nguo zinazonuka pweza, na watoto wanampenda kuliko sisi. Siku hizi wanajaa mpaka wengine wanakaa chini. Si wote wanaosoma. Wawili wameacha, na yuko mmoja ambaye mpaka leo "ng'o" na "ngo" kwake ni kitu kimoja. Zuhura anasoma. Karatasi za zahanati za mtaa mzima siku hizi zinapelekwa kwake.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Matokeo yetu yalipotoka ulinipigia simu siku nne mfululizo. Niliziona zote. Niliiacha simu iite, kisha nikabadilisha laini. Nilidhani utasema ulipoteza muda wako kwangu. Sasa ninapomsubiri mtoto amalize neno, najua usingesema hivyo. Nisamehe, mwalimu.

Nimejiandikisha kurudia mtihani. Juzi niliwaambia watoto kwamba kuna siku sitakuwepo, nakwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kisha kitoto kimoja cha mbele, hata meno ya mbele hakina, kikauliza, "Kwani mwalimu nawe ulifeli?"

Mwanahamisi akaniangalia. Nikasema, "Ndiyo. Nilifeli."

Yule mtoto akasogea pembeni ya dawati, akapapasa nafasi aliyoiacha. "Basi njoo ukae na mimi. Ukikwama, nitakusubiri."

Nikaenda nikakaa.

Nakuaga hapa, mwalimu. Wasalimie wa nyumbani kwako, na Mungu akutunze huko uliko.

Mwanafunzi wako,
Saumu