Mtaro wa Bwiza

Bwiza, Bujumbura, 25 Agosti 1968

Yaya Béatrice, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima. Na nyinyi huko Bukavu? Goti la mama linaendeleaje?

Nimeharibu, yaya. Mwaka jana, vita vilipotuleta hapa, mvua iliingia nyumba zote za mtaa wetu. Basi nikajitia kimbelembele kuwaita watu tuchimbe mtaro mapema. Niliahidi pombe ya ndizi kwa Warundi na sisi Wakongo, chai kwa Yahaya fundi cherehani na Waislamu wenzake. Nikajiona nina akili! Jumamosi iliyopita tukachimba, lakini Warundi hawakuja hata mmoja. Kumbe jirani yetu Méthode alikuwa amezikwa Alhamisi, na kwao jembe haligusi ardhi mpaka kilio kiondolewe. Mimi nilikwenda kuzika, nikadhani yamekwisha. Mjane wake, Daphrose, alinijia mbele ya watu wote: "We mugeni, unachimba nini na sisi tuko tunalia?" Niliona aibu sana.

Sasa hakuna Mrundi anayeitikia salamu yangu, na mtaro umeishia katikati. Ukibaki hivyo, maji yote yataingia kwa huyohuyo Daphrose. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Cirimwami

Bukavu, 4 Septemba 1968

Mdogo wangu,

Barua yako imefika kwa mkono wa Amissi dereva. Tu wazima. Goti la mama huuma akitumwa. Akialikwa harusini linapona.

Ulikosa, usijitetee. Nenda kilioni, keti, nyamaza. Kesho yake rudi. Na hiyo pombe iache! Hukuwa unaita majirani, ulikuwa unaita wanywaji. Mwombe kila mtu jambo analolijua yeye.

Lakini kwa nini ujitese huko? Hapa kumetulia. Misheni inatafuta mwashi, wamekubali kukushikia nafasi mpaka tarehe 20 Oktoba. Chumba chako nimekifagia. Rudi, nimekukumbuka mno.

Yaya wako,
Béatrice

Bwiza, 3 Novemba 1968

Yaya wangu,

Natumaini mko salama. Nisamehe kimya hiki. Najua ulingoja mpaka tarehe ikapita.

Niliketi kilioni siku tisa. Siku ya kwanza sikupewa hata kigoda. Siku ya nne Daphrose akaniuliza kwetu tunaliaje. Nikaanza kumweleza kifo cha baba, nikashindwa, nikalia mbele yao kama mtoto. Kilio kilipoondolewa akaniita mwenyewe: "Njoo nikuonyeshe kwenye maji inapita. Mi nimekaa hapa miaka makumi mbili." Kumbe tulikuwa tumekosea hata njia! Akapiga jembe la kwanza. Warundi wakamfuata, Yahaya akaleta wenzake, sisi Wakongo tukabeba udongo. Hapakuwa na pombe. Mvua kubwa imeshanyesha mara tatu na kwa Daphrose ni pakavu.

Tarehe 18 Oktoba nilifunga sanduku, nikaenda kumuaga. Hakunizuia. Alisema tu, "Sawa. Na watu wakiniuliza we uko wapi, nitawajibu nini?"

Yaya, tangu nivuke mpaka, ni wewe peke yako uliyekuwa ukiuliza niko wapi. Nilirudi nikafungua sanduku.

Nafasi ya misheni mpeni Mugisho, naye ni mwashi. Asante kwa kunisukuma kwenye kilio kile, na asante kwa chumba. Noeli nitakuja nilale humo siku nne, nimwone mama, halafu nirudi nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Cirimwami