Shingoni mwa Yule Binti

Rotterdam, 4 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila baridi haijatuachia.

Makumbusho yamewaomba wanafunzi waandike maelezo ya picha za zamani, maneno machache tu, yabandikwe ukutani na jina la mwandishi chini yake. Mimi nimepewa picha ya mama mmoja tajiri. Pembeni yake yuko binti mweusi, rika langu, ameshika sinia la machungwa. Nimeandika: “Mtumishi huyu amevaa mkufu mzuri wa fedha.” Mwalimu Hoekstra amenisifu. Nakutumia nakala ya picha.

Mjukuu wako,
Ludmila

Paramaribo, 23 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, nayapeleka kanisani kwa ubishi.

Picha nimeitazama kwa kile kioo changu cha kusomea. Mkufu gani unabana koo namna hiyo? Tazama chini ya sikio la kushoto. Ile ni kufuli, mama. Mbwa wa yule tajiri, hapo hapo pichani, naye kafungwa pete shingoni, ila yake haina hata kufuli. Mtumishi akichoka huaga, akaenda zake. Huyu angeenda wapi?

Usiwe na haraka ya kusifiwa.

Bibi yako

Rotterdam, 15 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nafuu. Mimi nina hasira.

Nilikwenda kuiona picha yenyewe. Kufuli ipo. Nikaandika upya: “Huyu ni mtumwa. Shingoni ana pete ya fedha iliyofungwa kwa kufuli.” Makumbusho wakayarudisha maelezo yangu wameyageuza hivi: “Msaidizi kijana mwenye pambo la shingoni.”

Nikamwuliza Mwalimu, “Pambo lenye kufuli?”

“Ludmila, hapa Uholanzi sheria haikuruhusu watumwa. Kwa hiyo hakuwa mtumwa.”

“Sasa ufunguo alikuwa nao nani?”

Darasa zima likacheka. Devlin, mwenzangu darasani, akasema, “Mwacheni, kesho atakataa hata heleni!” Mwalimu akanisihi nisiwaharibie watu siku yao ya ufunguzi wa maonyesho.

Jina langu litakaa chini ya maneno yale, Bibi. Nikubali, au niliondoe? Ufunguzi ni tarehe 10 Mei. Nijibu upesi.

Mjukuu wako,
Ludmila

Rotterdam, 11 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hujambo lakini? Jibu lako halijafika, nami sikuweza kungoja zaidi. Niliomba jina langu litolewe. Wakatoa na maelezo yote. Ukutani pamebaki patupu.

Jana nikaenda kusimama hapo kando. Mama wa kwanza nikamwonyesha kufuli. Akaguna, akahamia kwenye picha za maua. Wa pili akaniuliza nimetumwa na nani. Wa tatu akanipita tu. Nilikaribia kulia. Mlinzi wa chumba, baba mmoja mnene, alikuwa ananikodolea macho tangu asubuhi, nikajua sasa atanifukuza.

Wakaingia mtu na mkewe. Mke akasema, “Ona, mkufu mzuri huo!”

Kabla sijafumbua mdomo, mlinzi akajibu kutoka kitini kwake:

“Si mkufu, mama. Sogea uone.”

Mjukuu wako,
Ludmila