Linamwaga au Linakunywa

Jumatatu, 3 Machi

Gari limechemsha tena. Mara ya tatu ndani ya wiki mbili! Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu nikiwa katikati ya mzunguko, nyuma yangu honi tupu. Nikasogea pembeni, nikangoja lipoe, nikamimina maji ya bomba. Siku hizi kidumu cha lita tano hakitoki kwenye buti. Limemeza karibu chote. Chini ya gari hakuna hata tone. Maji haya yanakwenda wapi?

Na kesho ni mazoezi ya Mama hospitalini. Tangu apate kiharusi mguu wa kushoto hausikii kitu, na kiti cha mbele cha gari hili ndicho pekee anachoweza kukikalia na kuinuka bila kubebwa. Kubebwa hataki. "Mimi si gunia," anasema.

Jumanne, 4 Machi

Kwenda, salama. Kurudi, likachemsha hatua chache kabla ya geti letu. Mvuke unatoka, mimi nahangaika na kifuniko cha rejeta, Mama yuko ndani ananisahihisha kupitia dirisha. Tumia kitambaa. Si hicho. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na mpaka leo anadhani sote tuko darasa la sita. Nusura niungue.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa mtaa wa nyuma. Mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Hata salamu sikuimaliza: "Linamwaga au linakunywa?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwa upole wa kuudhi. Maji yakitoka nje, gari linamwaga – unabana klipu, unabadili mpira, kwisha. Yakiishia ndani ya injini, linakunywa. Hapo ni gasketi ya silinda hedi, injini ifunguliwe, wiki tatu.

Akalala chini na tochi. Pakavu. Akafunga pampu ya presha kwenye mdomo wa rejeta, akapampu. Mshale wa pampu ukashuka polepole huku tunautazama, na tone hatulioni popote. "Linakunywa." Nikamwambia oili ni safi, haijageuka maziwa, na moshi si mweupe; dalili za kunywa hazipo. Akafikiri. "Basi linakunywa kwa siri."

Kwa siri! Wiki tatu bila gari ni mazoezi sita ya Mama. Nimemwambia nitafikiri.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka yangu mkubwa amesafiri kuja kutusindikiza mazoezini. Bora angebaki kwake.

Tuliporudi akawa anamshusha Mama, akaona kapeti chini ya miguu yake imelowa chapachapa. Na soksi ya kushoto. Akanivuta pembeni. Eti Mama hajizuii mkojo tena, mambo haya huanza hivi hivi, peke yangu sitamudu. Jumapili ya wiki ijayo anakuja kumchukua akaishi kwake, nyumba ifungwe. Alikuwa ananong'ona, lakini mnong'ono wa kaka yangu husikika mtaa wa pili.

Mama akasikia. "Si mimi," akasema. Kaka akampigapiga bega kama mtoto. Mama akanigeukia mimi, akangoja.

Nikaenda kutafuta tambara.

Jumamosi, 8 Machi

Mama hasemi na mimi. Chai amekunywa, asante hakuna. Adhuhuri katoa sentensi moja: "Mwanafunzi akiniletea jibu bila kuthibitisha, nilikuwa nampa sifuri." Akarudi kwenye redio yake.

Nyumba hii aliijenga yeye na marehemu Baba. Akitolewa humu atakwisha, najua. Kaka anapiga simu kuuliza vipimo vya kitanda chake. Kitanda!

Jumatatu, 10 Machi

Kwa fundi tena. Safari hii akafungua kopo la akiba, akachungulia, akanikaripia. "Dada, unamimina maji ya bomba? Maji hayana rangi! Utajuaje yalikopita?"

Kumbe wiki zote hizi nimekuwa nikimfutia mwizi nyayo. Nilitamani kujizaba kofi. Akamwaga yote, akajaza kulanti, maji ya rejeta yenye rangi, kijani ya kuumiza macho. Tuendeshe tu kama kawaida, anasema. Kama linamwaga, litajisema lenyewe.

Jumanne, 11 Machi

KIJANI! Soksi nyeupe ya Mama, ya kushoto, kijani kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo! Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa hospitali akaja mbio. Kapeti nayo kijani, inanata. Nikashika kiti. Kikavu. Kikavu kabisa! Ijumaa ile hakuna aliyeshika kiti. Kaka hakushika, na mimi sikushika. Tuliona kapeti, tukahukumu.

Tukaenda moja kwa moja kwa fundi. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje. Ni hita. Huko nyuma kumefichwa kijirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ya gari, na hita yenyewe hatujaiwasha tangu enzi za Baba. Kimetoboka, na kinadondosha pale pale ulipo mguu usiosikia. Ungekuwa wa kulia, Mama angesema siku ya kwanza.

Nikamwomba radhi hapo hapo gereji. Nililia. Fundi akajifanya anatafuta spana. "Nusu maksi," Mama akasema. "Umechelewa."

Soksi kakataza isifuliwe. Ni ushahidi. Imetandazwa sebuleni kwenye mkono wa kochi, inamngoja Kaka.

Ijumaa, 14 Machi

Juzi fundi aliikata mipira miwili ya hita akaiunganisha, ili maji yasipite tena huko. Jana klipu ikachomoka, kulanti yote ikamwagika uani. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Fundi kaja asubuhi, karudia, kabana mara mbili.

Leo kwenda na kurudi mshale umekaa nusu. Kapeti kavu. Mama kaimba njia nzima, vibaya. Jumapili na ije!

Jumapili, 16 Machi

Kaka alifika saa nne, buti la gari lake tupu kwa ajili ya mizigo ya Mama. Mama alikuwa amevaa gauni lake la mikutano. Akamwekea ile soksi mezani, kando ya kikombe, akamfundisha tofauti ya kumwaga na kunywa mpaka chai ikapoa. Kaka akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama." Aliona haya kweli. Nilifurahi, sifichi.

Akaomba tuzunguke kidogo alione gari. Mama mbele, yeye nyuma. Tukanasa kwenye foleni, saa nzima na zaidi, gari halisogei. Mshale nusu, haukutikisika. Kaka akalisifu. Mama alikuwa kimya, nikadhani amechoka.

Nyumbani nikazunguka kumfungulia. Kapeti imelowa. Nikagusa – hainati. Haina rangi. Nikashika kiti.

Kimelowa. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Nyuma, Kaka alikuwa anashuka. "Kuna nini?"

"Bado linavuja," nikasema. "Fundi gani huyu!" Sauti ya hasira nilikuwa nayo tayari, wiki mbili nimeifanyia mazoezi.

Mama akasema, polepole, "Nilikwambia. Hajui kazi yake."

Nikamfunga koti langu kiunoni, nikampitisha mlango wa jikoni. Aliniegemea mzito, hakusema mambo ya gunia. Sasa amebadili nguo, yuko chumbani, redio hakuiwasha. Nimekaa jikoni naandika. Sijui nitafanya nini Jumanne. Sijui Jumapili nyingine.

Kaka yuko nje. Amevua saa, amekunja mikono ya shati, kichwa kimezama kwenye boneti. Hajui hata rejeta inafunguliwa wapi, maskini. Ananiuliza kupitia dirisha, kwa sauti yake ile ya mtaa mzima: linamwaga au linakunywa?

Nimemjibu linamwaga, ila kidogo. Aendelee kutafuta.