Kichupa Nilichokifungua kwa Haraka

Jumatano, 12 Februari

Protini imefika! Wiki sita za kungoja, na mzigo wenyewe ni kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho. Ndani kuna unga mweupe, kiduchu, usipoutafuta huuoni. Ni protini ya binadamu, ile inayokaa juu ya seli. Hii imetengenezwa na seli za kufugwa maabarani, ili sisi tuifanyie majaribio. Kiberiti – binti mtafiti wetu, mwembamba na mwepesi wa kuwaka – alikuwa akinizunguka tu mezani, akiuliza: Shangazi, vipi? Shangazi, tayari? Miaka minne anatengeneza kingamwili ya kuishika protini hii. Mashine ya kuzungusha vichupa ilikuwa na foleni. Nikafungua hivyo hivyo, nikatia maji yake ya dawa, nikagawa kwenye vichupa kumi, nikaweka friza. Miaka ishirini na mbili kazini, mkono unajua.

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna kitu. Mara ya tatu sasa – sahani ya majaribio nyeupe pee, rangi haikutokea. Kingamwili yake haishiki. Kiberiti hakuwaka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema tu labda miaka yote minne alikuwa anatwanga maji kwenye kinu. Kingamwili ya dukani ya kulinganishia haijafika bado, lakini Profesa, mkuu wetu, hangoji tena. Ijumaa kikao, mradi ufungwe. Nikamwambia Kiberiti pole. Pole! Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi baba watoto na mafua yake, na dawa yake ya unga ya pakiti. Akaigongagonga mezani kabla ya kuichana. Nikamuuliza, mnagombana? Akacheka. Eti mtu wa maabara mzima sijui – unga hukaa juu, ukichana bila kugonga unautupa pamoja na kipande cha karatasi.

Chai ilinishinda.

Ukutani kazini, juu ya ile mashine, kuna karatasi: ZUNGUSHA KICHUPA KABLA YA KUFUNGUA. UNGA HUNG'ANG'ANIA KIFUNIKO. Mwandiko ni wangu! Vijana wangapi nimewafokea kwa kosa hilo hilo? Mganga hajigangi.

Kama unga ulibaki kwenye kifuniko, vichupa vyangu vyote kumi ni maji matupu. Na Kiberiti anafungiwa mradi kwa sababu ya maji.

Mara tatu nimefika mlangoni kwake. Mara ya tatu akaniuliza kama nina sanduku la kadibodi, apakie vitu vyake. Nikasema nitamtafutia. Mwoga mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili asubuhi. Kanuni yetu: kichupa kikiisha hakitupwi mpaka kazi iandikwe. Kile cha protini nimekikuta ndani ya kopo la biskuti, chini kabisa ya friza, na kifuniko chake. Nimesuuza kifuniko kwa matone mawili ya maji ya dawa. Tone la suuza hiyo nimeliweka kulia kwenye karatasi ya kupimia. Kushoto, tone la vichupa vyangu. Juu ya matone yote mawili inakuja kingamwili ya Kiberiti, mwisho dawa ya rangi. Kulia pakigeuka buluu, yeye alikuwa sahihi na mkosaji ni mimi. Pasipogeuka, nimesalimika. Mungu anisamehe, sijui naomba lipi.

Saa nne kasoro robo. Kikao ni saa nne. Rangi nimeshatia. Nyeupe. Pande zote nyeupe. Naandika ili nisitazame.

Nimetazama. Kushoto hakuna kitu. Kulia – kivuli? Nimevua miwani, nimefuta, nimevaa tena.

Si kivuli. Ni buluu! Ndogo kama punje ya mtama, na inazidi kukolea. Imeshika. Binti wa watu, kingamwili yake inashika!

Nimefurahi, na naogopa.

Kiberiti ameingia. Sanduku kajitafutia mwenyewe, limejaa nusu. Anauliza, Shangazi, mbona unalia, na hicho kinachogeuka rangi ni nini. Profesa anamwita kutoka ukumbini. Nimemwambia ngoja. Amelitua sanduku chini, anaiangalia karatasi, sasa ananiangalia mimi, na mimi bado nimeng'ang'ania kalamu badala ya kumwambia kuwa kosa ni langu. Naiweka chini.