Mbuzi Wasivuke Athi Kwanza

Wajir, Jumapili baada ya ibada

Kwako dada yangu Ndinda,

Habari za Mbumbuni? Goti la Mama linaendeleaje, na maharagwe je, mvua iliyakumbuka? Mimi mzima. Maziwa ya ngamia yameninenepesha, sasa nikiingia chini ya lori kutengeneza gia wenzangu wanauliza kama nitahitaji jeki ya kunitoa.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu ya hapo nyumbani huwekwa spika mpaka kuku wanasikia. Soma ukiwa peke yako.

Ni habari ya mwanangu Mutuku na Kalekye wake wa Kwa Vonza. Nilipokuja likizo tulikutana na baba wa msichana kwenye hoteli moja mjini Wote. Wazee wakaulizana ukoo, ikaonekana koo ni mbalimbali, kila mtu akafurahi. Halafu tukatoka nje. Jua likanipiga usoni, nikapiga chafya, unanijua. Na baba Kalekye naye akapiga chafya. Ndinda, umewahi kuona mtu anayepigishwa chafya na jua, ukiniondoa mimi na marehemu Baba?

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini macho yangu yalibaki kwenye pua yake.

Nikachunguza polepole. Bibi wa boma la kina Kalekye alikuwa mjane bila mtoto. Akafanya vile mila yetu inaruhusu: akatoa mbuzi, akaoa msichana amzalie watoto wa jina la mumewe marehemu. Ndiyo akazaliwa baba Kalekye. Ukoo ni wa yule marehemu, baba wa damu haulizwi. Sasa kumbuka Baba na biashara yake ya mbuzi ng'ambo ya mto Athi. Anashinda Kwa Vonza wiki nzima, anarudi na mbuzi mmoja, tena amekonda.

Hapa Wajir nikamuuliza karani anayejua mambo ya ndoa, nikisingizia ni shida ya rafiki. Akasema sheria inakataza binamu kuoana, hata kama wanashiriki babu peke yake. Waislamu tu ndio wameachiwa dini yao. Tajiri wangu Abdi, ambaye nilishamsimulia yote, akasikia.

"Wewe Kyalo, mimi nilioa binti wa baba mdogo! Mahari ilitoka boma, ikarudi boma lile lile. Silimuni, yaishe."

"Tusilimu kwa sababu ya chafya?"

"Kuna waliosilimu kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Jana nikampigia Mama. Unajua tulikuwa tumemwambia msichana ni wa "Kitui" tu, bila kutaja Kwa Vonza. Nikamtajia jina la baba Kalekye. Mama huyu anayeweza kusimulia mvua mpaka salio liishe, safari hii alikuwa na swali moja tu! Akauliza, "Si boma la yule mjane?"

Mimi sikuwa nimetaja mjane. Nikasema, "Mjane gani, Mama?"

"Netiweki ni mbaya," akasema, akakata.

Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, walikuwa waende Jumamosi ijayo, na wakishapokewa hakuna kurudi nyuma. Nimemwambia Mutuku wana kikohozi. Maskini, ameniamini, ananiuliza anunue dawa gani. Kwa hivyo mkalishe Mama, mchambue mboga pamoja, umuulize wewe, maana mimi nitaambiwa netiweki tena. Akikana, mbuzi waende, nami nitamwomba marehemu Baba msamaha kwa kumshuku. Akikubali, usimwambie Mutuku. Nitapanda gari nije nimwambie mwenyewe, uso kwa uso, hata kama hatanisalimia tena.

Nisalimie shemeji fundi wa cherehani, kifungua mimba wako mwalimu, na shangazi yetu anayedai nilisahau sukari yake. Na Kalekye akipita hapo kuwajulia hali, usimwangalie vibaya. Mpikie chai ya maziwa mengi. Awe mkwe, awe mtoto wa kaka yetu, huyo ni wa kwetu.

Ndimi kaka yako,
Kyalo