Glasi ya Tatu

Mtaa wa Sadovaya 14,
Zarechny.
2 Aprili 2023

Mpendwa mwanangu Ulya,

Pokea salamu za shangazi yako Raisa. Hujambo? Mumeo na kajukuu kangu Fedya hawajambo? Baridi ya Winnipeg imepungua? Mimi nipo, ila magoti yananitesa, na theluji ya huku bado imejaa hadi dirishani.

Swali lako nimelipata. Chama chetu cha riadha kimeondolewa adhabu ya kufungiwa. Unauliza, je, baba yako naye atakupokea ukija nyumbani? Nimekaa nalo wiki nzima.

Ili chama kirudi, kila kocha aliyetajwa alitakiwa kukiri kwa maandishi kwamba dawa za kuongeza nguvu zilitumika, na kwamba wanariadha mliotoa ushahidi mlisema kweli. Baba yako alitia sahihi mbele yangu, pale pale jikoni, chai ikipoa. Nikafurahi kama mjinga. Nikadhani yamekwisha.

Jumamosi ya wiki iliyopita wakafanya sherehe kwenye kantini ya kambi ya mazoezi. Makocha wale wale, suti mpya. Glasi ya kwanza tuliinua kwa ajili ya chama, ya pili kwa ajili ya timu. Ya tatu unaijua: tukasimama kimya, bila kugonganisha, kuwakumbuka marehemu. Zinovy, yule daktari asiyejua kunyamaza, akamtania baba yako: "Gena, leo unamkumbuka nani? Au mama mkwe?"

"Binti yangu," akasema.

Makocha wenzake wakaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, "Gena, si juzi tu umeandika kwamba Ulya alisema kweli?"

"Raya, ile karatasi tu bwana. Kunywa, usituharibie siku."

Niligonga glasi yangu kwenye ya Zinovy kwa nguvu mpaka vodka ikamwagika mezani, kwa sababu wewe uko hai. Wakanitazama kama kichaa. Tangu siku hiyo kaka yangu hapokei simu yangu.

Basi usije, mwanangu. Naumia kukuandikia hivyo, lakini ukija atakufungia mlango mbele ya mtoto.

Tena kuna hili. Ile karatasi haikuletwa kwangu, maana manesi hawakuulizwa. Sindano nilizokuchoma ukiwa na miaka kumi na sita, nikakwambia ni vitamini, nilijua ni za nini. Ulininyooshea mkono bila kuuliza, kwa kuwa ni mimi. Baadaye ukawataja wote kwa wachunguzi, ukaacha jina langu tu. Naona aibu kuliko ninavyoweza kusema. Litaje sasa. Sitakana.

Shangazi yako mdogo Klavdia anakusalimu sana, na amemfumia Fedya soksi. Msalimie mumeo. Mungu awalinde, awape watu wa kuwapenda huko mliko.

Mimi nikupendaye, ingawa sikukulinda,

Raisa Pavlovna Gorelova,
nesi wa kambi, 1998–2014